Kabla ya jeki, tazama ardhi

Jeki niliyoinunua Gerezani, Dar es Salaam, ilikuwa nyekundu, ya tani tatu, yenye magurudumu manne ya chuma na mkono mrefu kama mpini wa jembe. Muuzaji alinionyesha inavyopanda na kushuka pale pale juu ya vigae vya duka lake, nami nikatoa hela bila kubishana sana. Jumamosi iliyofuata nikaitoa uani kwangu ili nifunge brekipedi mpya za gari langu aina ya Noah. Nilitaka kuivingirisha, ikakataa. Uwanja wangu ni kichanga. Nikaiburuta kama mbuzi aliyegoma, nikaiweka chini ya gari, nikaanza kupampu. Gari likapanda kidogo, kisha jeki yenyewe ikaanza kuzama. Nilivyozidi kupampu, gari likawa linasogea pembeni badala ya kwenda juu.

Jirani yangu, mzee aliyeendesha malori miaka mingi, alikuwa ananitazama juu ya ukuta. "Shusha hiyo, mwanangu," akasema. "Jeki yako nzima. Ardhi yako ndiyo mbovu."

Nimeyakumbuka maneno hayo kila ninapomsikia mtu akiuliza anunue jeki gani. Swali la kwanza analorudishiwa ni "gari gani?" Swali la pili ni "una kiasi gani?" Sijawahi kumsikia muuzaji akiuliza: utaisimamisha wapi? Na hilo ndilo swali lililostahili kutangulia, kwa sababu jeki nyingi zilizopangwa kwenye maduka yetu zimetengenezwa kwa ajili ya sakafu ya zege, laini na iliyolala sawa. Gereji zetu nyingi ziko chini ya mwarobaini, juu ya kifusi, kichanga au udongo uliolowa oili hadi ukawa mweusi. Barabarani mambo ni yale yale. Pancha haichagui mahali, na bega la barabara mara nyingi ni changarawe inayoteremka kuelekea mtaroni.

Jeki yangu nyekundu, ile ndefu inayolala chini na kutembea kwa magurudumu, ina siri ambayo muuzaji hakunieleza. Haiinui kitu moja kwa moja kwenda juu. Mkono wake wa kunyanyulia umefungwa kwa nyuma, kwa hiyo kile kikombe cha mbele kinapopanda hufuata mstari wa upinde, kama mkono wako unapouinua kutoka mezani huku kiwiko kimetulia. Gari likiwa limezuiwa lisiende popote, lazima jeki ndiyo isogee kuufuata upinde huo. Kwenye zege, magurudumu yake yanateleza sentimita chache na hakuna anayegundua. Kwenye mchanga yamezama, hayasogei, basi kinachosogea ni gari, au kikombe kinateleza pale kiliposhika. Hapo ndipo watu huumia, kisha tunasema jeki ilikuwa feki.

Tupige hesabu kidogo. Tairi la gari dogo hukandamiza ardhi kwa nguvu inayokaribiana na ile ya upepo uliomo ndani yake, yaani takriban kilo 2 kwa kila sentimita moja ya mraba. Sasa chukua jeki ya chupa yenye kitako cha sentimita 10 kwa 10, uibebeshe kilo 500 za kona moja ya gari. Hapo kila sentimita ya mraba inabeba kilo 5, zaidi ya mara mbili ya kinachofanywa na tairi. Ndiyo maana mahali ambapo gari limesimama bila shida, jeki inadidimia kama kisigino cha kiatu cha harusi kwenye bustani. Weka chini ya jeki hiyo ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40 na mzigo ule ule utagawanyika kwenye eneo kubwa mara 16. Kila sentimita sasa inabeba chini ya theluthi moja ya kilo.

Ubao wenyewe usiwe wa boksi. Mbao laini inayopinda katikati huurudisha mzigo wote kwenye eneo dogo lile lile. Tafuta mbao ngumu au mabaki ya plaiwudi nene, unganisha vipande viwili kwa kupishanisha nyuzi zake, viwe na unene wa sentimita 4 hivi. Wangu nilipewa bure na seremala wa mtaani, na tangu hapo haujawahi kutoka kwenye buti. Kwa jeki ya magurudumu, ubao au bati nene la chuma liwe refu kiasi cha kuibeba jeki nzima na bado iwe na nafasi ya kujisogeza.

Baada ya ardhi ndipo tuzungumzie jeki zenyewe.

Jeki ya mkasi ni ile iliyokuja na gari, imefichwa pembeni mwa buti au chini ya kiti. Magari mengi ya mtumba yanatufikia ikiwa imeshatoweka njiani pamoja na spana yake, na kila mwenye gari ana kisa chake kuhusu nani kaichukua. Fungua buti leo uangalie kama yako ipo. Jeki hii ina kazi moja tu, kubadilisha tairi. Kichwa chake kina mfereji unaoingia kwenye ukingo wa bati chini ya milango, kati ya vijipengo viwili vilivyokatwa makusudi, nyuma kidogo ya tairi la mbele na mbele kidogo ya tairi la nyuma. Ukiiweka nje ya hapo, bati linakunjwa na mlango unaanza kugoma kufunga. Haina oili ya kuvuja wala mpira wa kuchakaa, ila skrubu yake inahitaji grisi, jambo ambalo hakuna anayelikumbuka mpaka siku inapomlilia.

Jeki ya chupa ndiyo kipenzi cha watu wa malori na daladala. Inapanda wima, haihitaji kusogea, na inapatikana kuanzia tani 2 hadi makumi ya tani. Kwa ardhi yetu, jeki ya chupa juu ya ubao ni mwenzi mwaminifu kuliko ile nyekundu yangu. Tatizo lake ni kimo. Ya tani 2 huwa na urefu wa sentimita 15 hadi 18 hata ikiwa imeshushwa yote, wakati uvungu wa gari dogo kama IST nao uko huko huko, na tairi likishalala gari linashuka zaidi. Nimewaona watu wakichimba shimo kwa mikono kando ya barabara ili jeki iingie. Kabla ya kununua, tandika gazeti, lala chini na rula, pima kutoka ardhini hadi mahali pa kuinulia, kisha uipime jeki dukani. Muuzaji atakushangaa. Mwache ashangae.

Kuna pia ile ndefu ya shambani, nguzo ya chuma yenye matundu, inayopanda tundu baada ya tundu. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1905 na hadi leo wenye Land Rover na Land Cruiser huifunga juu ya kerea wakiingia porini. Inapandisha juu sana, lakini inataka bampa la chuma la kushikia, na mpini wake ukikuponyoka wakati wa kushusha unaweza kuvunja taya. Mwenye gari dogo la bampa la plastiki asijisumbue nayo.

Kwa mchanga na tope hasa, wapo wanaotumia mfuko wa kujazwa upepo kwa moshi wa ekzosi. Unautandika chini ya gari ukiwa bapa, unaunganisha mpira wake na bomba la moshi, unawasha injini, gari linanyanyuka kama limelalia godoro. Mzigo unatawanyika kwenye eneo kubwa, hivyo hauzami. Ila jiwe moja lenye ncha, au bomba la moto likiugusa, kazi imekwisha. Watu wenye uzoefu hutandika zulia la gari chini na juu yake. Tena ni wa kujitoa kwenye tope, haufai kabisa kwa kulala chini ya gari.

Siku hizi vijana wa gereji wananiuliza kuhusu lifti za kubebeka. Wameziona kwenye simu, fremu mbili za chuma zinazowekwa chini ya gari, moja kila upande, zikiunganishwa kwa mipira ya haidroliki na pampu ndogo ya umeme. Unabonyeza kitufe na gari zima linapanda nusu mita hivi, likiwa sawasawa, na vyuma vya kufunga vinashika ili lisirudi. Ipo pia ya mkasi mkubwa inayosimama katikati ya gari na kulipandisha kama mita moja na ushei. Ni vyombo vizuri. Anayefunga bushi, shokapu na diski siku nzima atashukuru mgongo wake.

Lakini lifti hizi zote zinadai sakafu ngumu iliyo sawa, na zile za fremu mbili zinakasirika zaidi kuliko jeki upande mmoja ukizama. Jingine ni umeme. Lifti nyingi zikishakaa kwenye vyuma vya kufunga haziwezi kushuka mpaka kwanza zipandishwe kidogo ili vyuma viachie. Umeme ukikatika saa kumi jioni gari la mteja liko juu, litalala juu. Zipo zinazotumia betri ya gari, volti 12, na kwa hali yetu hizo ndizo ningezifikiria kwanza. Na neno "kubebeka" lisikudanganye, kwani fremu moja ni mzigo wa mwanaume aliyekula, na ile ya mkasi inahamishwa kwa kuvutwa tu.

Kwa hiyo fundi mwenye hela mkononi anayetaka kununua lifti, ningemshauri aanze na zege. Kipande cha mita 5 kwa 3 chenye unene wa sentimita 10 ni mita moja na nusu ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa kawaida hicho hula mifuko kama kumi ya saruji, pamoja na mchanga na kokoto. Shindilia udongo vizuri kabla ya kumwaga, pima kwa maji kila upande uwe sawa, mwagilia kila siku wiki ya kwanza, na usiwe na haraka ya kuwekea mzigo, maana zege huhesabiwa kuwa limekomaa baada ya siku 28. Juu ya kipande hicho hata jeki ya bei nafuu inakuwa chombo kingine. Nati ikidondoka unaiona. Mvua ikinyesha unafanya kazi. Nijuavyo mimi, hakuna kifaa cha gereji kinachorudisha hela yake haraka kama sakafu.

Nguvu ya jeki ya oili yenyewe si uchawi. Mfaransa Blaise Pascal alieleza katika karne ya 17 kwamba ukikibana kimiminika kilichofungiwa, msukumo unafika sawa kila pembe. Mwingereza Joseph Bramah akapata hataza ya mashine ya kushindilia kwa maji mwaka 1795, na mwaka 1851 fundi wa New York aliyezaliwa Uskoti, Richard Dudgeon, akapata hataza ya jeki ya kubebeka inayotumia kanuni hiyo. Ukisukuma kilo 20 kwenye pistoni ya sentimita moja ya mraba, pistoni ya sentimita 20 za mraba itanyanyua kilo 400. Malipo yake ni safari: sukuma sentimita 20 upate kupanda moja. Ndiyo maana unapampu hadi jasho linatoka na gari halionekani kwenda.

Ndani ya jeki hiyo ya oili, kinachozuia mzigo wote ni pete ya mpira. Uzuri wote wa jeki, chuma chake kinene na rangi yake, unasimama juu ya mpira mdogo usiouona. Ukichanika, au kijiwe cha mchanga kikikaa kwenye valvu, gari linashuka. Wakati mwingine polepole kiasi cha kukuonea huruma, wakati mwingine kwa mkupuo. Hivyo jeki ni ya kuinulia. Ya kushikilia ni stendi. Fundi anayelala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake amekabidhi kifua chake kwa pete ya mpira.

Stendi ni vile vyuma vya miguu mitatu au minne vinavyouzwa kwa jozi. Zipo za pini, ambapo unapitisha chuma kwenye tundu, na zipo za meno, zinazopanda na kujishika zenyewe. Za meno ni za haraka, ila mwaka 2020 kampuni moja kubwa ya zana nchini Marekani ililazimika kuziondoa sokoni stendi zaidi ya milioni moja kwa sababu meno yake hayakuwa yakishika sawasawa, na gari lingeweza kushuka likitikiswa. Kama huko yametokea, na kwetu tununue kwa macho. Mimi nachukua za pini. Ukiwa na za meno, hakikisha mkono wake umelala chini kabisa baada ya kupanga kimo. Kisha shusha gari taratibu juu ya stendi, shika bodi na ulitikise kabla hujaingia, si baada. Na stendi nazo zina miguu myembamba, zinataka ubao ule ule.

Najua kinachotumika badala ya stendi. Nimeyaona matofali, rimu zilizorundikwa, mawe, hata ndoo ya rangi iliyojazwa mchanga. Tofali la saruji ndilo adui mkubwa, maana linabeba, linabeba, halilalamiki, kisha linapasuka mara moja bila hata ufa wa kukuonya. Gogo la mti mgumu ni afadhali, kwa sababu mbao hulia kabla ya kuvunjika. Vipande vya mbao nene vilivyopangwa kwa kupishana, viwili huku viwili kule, ni njia ya zamani ya mafundi na ingali nzuri. Na hata ukiwa na stendi, tairi ulilolifungua lilaze chini ya gari karibu na ukingo. Haligharimu kitu, na likitokea la kutokea linakuachia nafasi ya kupumua.

Kutumia jeki kuna utaratibu ambao watingo wa malori waliujua kabla ya vitabu: kabari kwanza. Tingo aliruka na jiwe lake kabla lori halijasimama vizuri. Sisi wa magari madogo tunaitegemea hendibreki na gia ya P, tukisahau kwamba hendibreki ya magari mengi inashika matairi ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, nusu ya breki hiyo iko hewani. Na P nayo ina ujanja wake. Kwenye gari linalovutwa na matairi ya mbele, ukinyanyua tairi moja la mbele, difu inaliruhusu hilo lizunguke upande wake na lile la chini lizunguke upande mwingine, kwa hiyo gari linaweza kuondoka likiwa kwenye P. Weka kabari mbele na nyuma ya tairi lililo mkabala na lile unaloliinua, kwa pembe.

Nati zilegezwe gari likiwa bado chini, nusu mzunguko tu, kwa sababu kupambana na nati ngumu huku gari liko juu ni kulisukuma lianguke. Abiria washuke wote, hata mtoto aliyelala. Pampu kidogo, simama, tazama: jeki imesimama wima? Ubao umeinama? Hiyo sekunde ya kutazama ndiyo inayotenganisha mafundi na wanaojaribu. Wakati wa kushusha, valvu izungushwe kidogo kidogo kama bomba la maji ya mgao.

Wa bajaji mnisamehe nimewachelewesha. Chombo chenu hakifiki hata kilo 500, jeki ndogo ya mkasi na ubao wa sentimita 30 vinatosha kabisa. Lakini desturi ni kuiinamisha kwa ubavu huku abiria au mwenzako akiishikilia, tairi linabadilishwa, oili na petroli zinachuruzika, maji ya betri yanamwagikia chasisi, baada ya miezi mnalalamika kutu.

Jeki ya oili ikianza kuzembea, usikimbilie kuitupa. Mara nyingi imeingiwa na upepo. Fungua valvu ya kushushia, pampu mara kumi au kumi na tano bila mzigo, funga, jaribu tena. Ikiwa oili imepungua, ongeza ukiwa umeishusha yote, na iwe oili ya haidroliki. Wengi humimina oili ya breki kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Ile huvimbisha mipira ya jeki na kuiua kabisa. Ukimaliza kazi ishushe yote kabla ya kuihifadhi, ili pistoni ilale ndani ya oili na isipate kutu, hasa kwetu tulio karibu na bahari.

Kuhusu ukubwa, soma uzito wa gari kwenye kadi yake. IST ni kama tani moja, Noah ni tani moja na nusu na zaidi kidogo, Land Cruiser inapita tani mbili. Kweli huinui gari zima kwa mara moja, lakini nunua jeki inayoweza kulibeba lote, maana namba iliyobandikwa juu yake iliandikwa kwa jeki mpya iliyosimama kwenye sakafu ya zege. Mwenye gari dogo, jeki ya tani 2 inayoingia uvunguni, stendi mbili, ubao na kabari mbili zinamtosha maisha. Akibanwa na hela, rangi nyekundu na magurudumu vinaweza kusubiri. Stendi hazisubiri.

Na wewe mteja, ambaye huna mpango wa kushika spana, kuna kitu kimoja nakuomba. Ukifika gereji na kumkuta kijana amelala chini ya gari lako, na jeki ni hiyo hiyo moja, usimuulize kazi itaisha saa ngapi. Mwambie atoke kwanza.